Kisogo cha Baba Mdogo

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 16. Wiki chache zilizopita nilimwachia kibao cha kinyozi mmoja wa hapa kwetu Kibumba akimalize peke yake, mimi nikaketi nyuma yake na kikombe changu cha chai. Alichovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi, akaifuta ubavu mmoja ukingoni mwa kopo, akaigeuza, akaifuta ubavu wa pili. Kisha akavuta pumzi, akaibana, akaushusha mguu wa herufi ya kwanza kutoka juu hadi chini bila kusita. Pumzi akaiachia pale brashi ilipotengana na ubao.

Niliweka kikombe chini. Kufuta mara mbili, kugeuza katikati, kubana pumzi: yule alikuwa baba yangu mdogo mtupu. Lakini baba mdogo alifariki mwaka 2008, na kijana huyu alizaliwa mwaka 2009. Hawakuonana hata siku moja.

Watu wengi hudhani mchoraji huwaachia jamaa zake picha. Mimi ninayekula kwa brashi nasema picha ni sehemu ndogo ya urithi huo. Kinachotoka kwa mzee kikamwingia kijana ni mkono: namna ya kushika, kipi kitangulie, kipi kingoje, wapi pa kuacha. Na mkono huo unaweza kuvuka kaburi ukamfikia mtoto ambaye mzee hakumjua, mradi katikati yao awepo ndugu mmoja aliyekaa akatazama.

Kusimama nyuma

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge hauoni uso wa mama yake. Siku nzima anaona kisogo, na juu ya bega anaona mikono ikipalilia, ikimenya viazi, ikihesabu faranga. Mwanafunzi wa mchoraji naye ndivyo anavyojifunza. Husimama nyuma ya mwalimu, akaona kisogo na mkono.

Mimi nilianza mwaka 1998, nikiwa na miaka 12. Likizo ikifika, baba alinipandisha kwenye lori la kabichi na viazi, tukateremka barabara ya Rutshuru hadi Goma, tukipishana na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliokuwa wakirudi kwa kusukuma, jasho likiwatiririka. Baba mdogo alikuwa na banda la mbao mtaa wa Birere. Alichora vibao: vya saluni, vya maduka ya dawa, vya depo za vinywaji, vya mafundi cherehani. Mwaka mzima hakuniruhusu kugusa brashi ya herufi. Kazi yangu ilikuwa kusugua ubao kwa msasa, kupaka rangi ya kwanza, kukoroga makopo na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Baada ya hapo nilisimama nyuma yake.

Siku moja nilikuwa nimeduwaa mbele ya kichwa cha ng'ombe alichomchorea muuza nyama. Akaniambia bila kugeuka, "Mama, tazama mkono, usitazame picha. Picha kesho inaenda kwa mwenyewe. Mkono utabaki nao wewe." Kwetu hata mtoto wa kike huitwa mama, kwa heshima ya yule atakayekuja kuwa. Maneno yale niliyaelewa baada ya miaka mingi.

Vibao vyake vilijulikana mji mzima kwa mambo mawili. Kwanza, pembeni kabisa chini aliweka Nyiragongo dogo, yaani volkano yetu, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, lenye wekundu kileleni kama tunavyouona usiku kutoka Kibumba. Pili, kila herufi yake ilikuwa na kivuli, na kivuli siku zote kiliangukia kushoto. Nami nikajifunza kuangushia kushoto. Sikuuliza kwa nini.

Mwaka 2001 aliniruhusu kutia herufi za jina langu chini ya zake, katika kibao cha duka moja. Mwenye duka alipoona jina la msichana alikasirika, akataka lifutwe. Baba mdogo akamwambia, "Kazi ya mikono miwili ina majina mawili." Kibao hakikuchukuliwa. Kilikaa bandani kwetu kikitutazama, na jina langu likabaki juu yake.

Ukuta wa jiko

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo lilipasuka. Tope la moto likashuka hadi katikati ya Goma. Baba mdogo alivuka mpaka na watu wengine kwenda Gisenyi, mkononi ana mfuko mmoja. Aliporudi, mahali pa banda palikuwa na mwamba mweusi wenye joto bado. Makopo, brashi, ubao wenye jina langu, na lile sanduku la makaratasi magumu aliyoyakata kwa wembe, herufi zote za alfabeti kwa saizi tatu, vyote vilikuwa chini ya jiwe.

Alipanda Kibumba akakaa kwetu wiki kadhaa bila kusema sana. Jioni moja aliingia jikoni kwa mama kuota moto. Jiko letu lilikuwa la mbao, limepigwa moshi hadi rangi ya kahawa iliyoungua. Kwenye ukuta ule, kwa miaka minne, mimi nilikuwa nikifanya mazoezi kwa chokaa na mkaa. Herufi zake zilikuwepo pale: R yenye mguu uliorushwa mbele kama mtu anayepanda mlima, S yenye tumbo la chini kubwa kuliko la juu, hata koma zake. Alisimama muda mrefu. Kisha akaomba karatasi. Tulizinakili kutoka ukuta wa jiko, moja moja, mpaka alfabeti ikatimia. Alirudi Goma na herufi zake mwenyewe, akizichukua kwa mtoto aliyemfundisha.

Tangu siku hiyo nafahamu kwamba mzee anayefundisha jamaa zake anajiwekea akiba. Banda linaungua, mji unafunikwa, lakini akiba hiyo imo mwilini mwa mtu mwingine.

Chini ya mbuyu, Dar es Salaam

Mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi zetu za Kiswahili uko Tanzania, na wengi wanauona bila kujua habari yake. Zile picha za rangi kali zenye chui, tausi na twiga, zinazouzwa kila mahali wanapopita watalii, zinaitwa tingatinga. Kabla ya kuwa jina la picha lilikuwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusomea uchoraji. Alitafuta kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, akatumika nyumbani kwa Wazungu. Karibu na mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Na hapa sisi wa Kongo tuna sehemu yetu, maana husimuliwa kwamba kilichomwamsha ni picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa kwa wageni mjini Dar. Alizitazama, akasema moyoni kwamba naye anaweza.

Alichukua ubao wa dari, ule ambao mafundi huuita silingi bodi, akaukata mraba, kama futi mbili kwa mbili. Fundi yeyote anajua hesabu hiyo: ubao wa futi nne kwa nane unatoa vipande vinane na hakuna kinachotupwa. Akanunua rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Akachora mnyama mmoja akijaza ubao mzima, nyuma yake uwanja wa rangi tupu. Akaziuza Oysterbay, pale Morogoro Stores, chini ya mbuyu.

Picha zilipoanza kununuliwa aliwaita ndugu na watu wa kwao kusini. Alikuja Simon Mpata, ndugu yake. Wakaja January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah Mtalia. Hawakuwa na darasa wala kitabu. Walikuwa na kisogo cha Edward na mkono wake, na mpangilio wa kazi ambao wachoraji wa tingatinga wanaufuata hadi leo: kwanza uwanja, uachwe ukauke, halafu umbo la mnyama, halafu kujaza, halafu madoa na manyoya, brashi ikigusa na kuinuka, ikigusa na kuinuka, macho na mistari myembamba mwisho. Rangi ile haina huruma. Ukiifuata kabla haijakauka inachafuka, kwa hiyo kijana anajifunza subira kwa lazima.

Mwezi wa Aprili 1972, Edward Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Dar es Salaam. Polisi walidhani gari alilokuwamo ni la wezi. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu.

Msomaji, fikiri kidogo juu ya miaka minne. Ni muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Mchoraji asiye na shule, asiye na vitabu, aliyekufa ghafla, angepaswa kusahaulika kabla mwaka haujaisha. Lakini jamaa zake walikuwa wamesimama nyuma yake. Waliendelea pale pale, wakajipanga kikundi, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kilichoandikishwa kwa jina lake. Mpata aliipeleka kazi hiyo Nairobi, akapata jina huko. Daudi, mwana wa Edward, alikuwa mchanga baba yake alipouawa. Leo naye ni mchoraji. Mkono wa baba ulimfikia kwa njia ya wanafunzi wa baba, kama mkono wa baba mdogo ulivyomfikia kijana wangu kwa njia yangu.

Si jambo la Afrika peke yake. Ubelgiji, nchi iliyotutawala, ina fahari ya mchoraji Pieter Bruegel, aliyefariki mwaka 1569 akiacha wana wawili wadogo: mmoja wa miaka mitano hivi, mwingine mchanga. Inasimuliwa kwamba aliyewafundisha kuchora ni bibi yao mzaa mama, Mayken Verhulst, naye mchoraji. Pieter mdogo alitumia maisha yake kunakili picha za baba yake kwa uaminifu. Jan, mdogo wake, akashika maua na mandhari, akawa na njia yake. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe: katikati ya baba na wana alisimama mwanamke wa ukoo, na bila yeye kamba ingekatika.

Picha bila mkono

Sitaficha upande wa pili. Ukienda leo kwenye maduka ya vinyago utakuta tingatinga mia zinazofanana: twiga yule yule, mlima ule ule, jua lile lile. Dereva mmoja wa malori aliwahi kumletea baba mdogo moja kutoka Dar. Ilikuwa ya tausi. Baba mdogo aliigeuza kwenye mwanga, akaonyesha kwa kidole jinsi madoa yalivyokuwa yamepigwa kwa haraka, yote saizi moja, hata pale ambapo manyoya yanapaswa kuwa madogo. "Huyu," akasema, "alifundishwa tausi. Hakufundishwa kuchora."

Hapo ndipo maneno yake ya zamani yaliponirudia. Aliyerithi picha atairudia mpaka imchoshe yeye na mnunuzi. Aliyerithi mkono anaweza kuupeleka mahali pengine. Na waliorithi mkono wa Tingatinga walikwenda mbali. Mohamed Charinda, aliyezaliwa Nakapanya huko huko Tunduru mwaka 1947, aliacha mnyama mmoja mmoja akajaza ubao kwa visa vya kijijini, watu wengi, kila mmoja na shughuli yake. David Mzuguno, ambaye hakuwa wa ukoo ule, alichora misitu iliyosongamana majani na ndege mpaka jicho lisipate pa kupumzika. Ukiwatazama hawa wawili huoni chui wa Edward. Unaona rangi yake, subira yake, na ile brashi inayogusa na kuinuka.

Jina la nani?

Dar es Salaam ina mfano mwingine, nao unagusa jambo gumu zaidi. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa mchonga vinyago. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, ndiye aliyemwingiza katika kituo cha Nyumba ya Sanaa, ambako Lilanga alianza kama mlinzi wa usiku. Kutoka hapo akaanza kuchora wale mashetani wa Kimakonde, wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza na matumbo, wakicheza, wakigombana, wakisaidiana mizigo. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Mjomba alimwinua mpwa, na mpwa naye akawainua wengine. Katika miaka yake ya mwisho, kisukari kilipomla miguu, Lilanga alifanya kazi akiwa amezungukwa na jamaa na wasaidizi. Yeye aliweka maumbo, wao wakajaza rangi. Katika kundi hilo alikua mjukuu wake, Hendrick Lilanga. Mzee alifariki mwaka 2005, na Hendrick anaendelea na wale wale mashetani kwa mkono wake.

Wanunuzi wa picha wanahangaika sana na swali la nani hasa alichora nini. Mimi sioni aibu katika kusaidiana. Rubens wa Antwerp, miaka 400 iliyopita, naye alikuwa na karakana nzima ya vijana waliomjazia picha. Aibu iko mahali pengine: kijana afikishe miaka kumi akijaza rangi, na jina lake lisionekane hata mara moja. Mkono ukikua bila jina, siku mzee anapoondoka kijana anabaki yatima mara mbili. Amempoteza mzee, na soko halimjui.

Kwetu Kongo, wachoraji wa Kinshasa wametuonyesha njia nzuri. Chéri Samba alifungua karakana yake mwaka 1975, akianza kwa vibao vya biashara kama sisi. Akazoea kuandika maneno ndani ya picha, maana mchora vibao hawezi kuacha maneno, na maneno hayo yakampeleka hadi Paris mwaka 1989. Mdogo wake, Cheik Ledy, aliyezaliwa 1962, alijifunza katika karakana hiyo hiyo. Ukiweka picha zao pamoja utaona undugu: maneno, rangi zinazopiga kelele, mambo ya mtaani na ya siasa. Lakini Ledy alitia jina lake, akajulikana kwa jina lake, hadi alipofariki mwaka 1997 akiwa bado kijana. Pierre Bodo, wa kizazi cha Samba, alimlea mwanawe Amani katika kazi hiyo. Moke, aliyechora usiku wa Kinshasa, baa zake na mikutano ya wakubwa, ana mwana anayechora kwa jina la Moke Fils. Jina la baba limo ndani ya jina la mwana, lakini ni jina jingine.

Na kusini, Lubumbashi, palikuwa na mwalimu aliyejaribu kutofundisha mtindo wowote. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana yake, Le Hangar, mwaka 1946, akawakataza vijana kunakili, hata kumwiga yeye. Matokeo yalikuwa ya ajabu: Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajenga picha nzima kwa vistari vifupi vifupi, na Bela akachora kwa ncha za vidole. Watu watatu, njia tatu. Naiheshimu karakana ile. Lakini mgeni anaweza kuficha mkono wake, shangazi hawezi. Mtoto analala nyumbani kwako, anakula kwako, anakuona ukichora ukiwa umechoka na ukiwa na furaha. Utampa mkono wako upende usipende. Kilichobaki ni kuamua utampa pamoja na nini.

Kivuli kinachoanguka chini

Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilifika Kibumba. Tulikimbia na magodoro kichwani hadi Kanyaruchinya, tukajenga vibanda vya turubai juu ya mawe makali ya volkano. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka 13 na hakuwa na shule. Sikuwa na rangi wala ubao. Nilikuwa na vipande vya kartoni na makala, kama tunavyouita mkaa huku Goma. Nikamwambia, "Simama nyuma yangu." Na pale, mbele ya kibanda, nikaanza na R ya baba mdogo, ile inayopanda mlima.

Kwa miezi hakufanya kingine ila herufi. Alipomaliza kartoni moja tuliiwashia moto wa jioni, kesho akaanza nyingine. Majirani walikuja kuomba awaandikie majina juu ya turubai zao, ili mtu anayewatafuta awapate. Hivyo mteja wake wa kwanza hakulipa faranga hata moja, lakini alipatikana na ndugu zake kwa sababu ya kazi ile.

Siku moja aliniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mwalimu wangu. "Shangazi, kwa nini kivuli kinaanguka kushoto?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndivyo kinavyofanywa. Nikanyamaza, nikafikiri. Nikaliona tena lile banda la Birere: mlango wake ulikuwa upande wa kulia wa mahali aliposimamisha ubao. Mwanga wote uliingia kulia. Kila alichokiona baba mdogo kwa miaka 20 kilikuwa na kivuli upande wa kushoto. Hakukuwa na siri nyingine. Na mimi, ambaye banda langu la Kibumba kabla ya vita lilipata mwanga kutoka kushoto, nilikuwa nimechora kivuli cha mlango wa Birere uliofunikwa na jiwe tangu 2002.

Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nachorea nje, Shangazi. Saa sita jua liko utosini." Akachora herufi, akaangusha kivuli chini yake, kifupi, kizito, kama kivuli cha mtu anayelima adhuhuri katika nchi yetu hii ya ikweta. Kilikuwa kizuri. Nilikaa na neno la kumkataza mdomoni, nikalimeza.

Hapo ndipo nilipojua tofauti ya kufundisha na kuzuia. Kivuli cha kushoto kilikuwa cha baba mdogo kwa sababu ya mlango wake. Kwangu kilikuwa mazoea na mapenzi. Kumlazimisha kijana akibebe kingekuwa mzigo tu. Lakini ile kufuta brashi mara mbili, kuigeuza, kubana pumzi mpaka mstari ufike: hayo hayana mlango wala mji. Yatafanya kazi popote atakapopelekwa na maisha, na sisi watu wa huku tunajua maisha yanaweza kutupeleka wapi.

Kwa wazee wa brashi

Tulirudi Kibumba mwaka 2025, baada ya kambi kuvunjwa. Nimejenga banda jipya la mbao, na kijana amepata kona yake. Kwa hiyo nina maneno kwa wachoraji wenzangu wa Goma, wa Bukavu, wa Bunia, na popote mtu anaposhika brashi akiwa na jamaa wadogo nyumbani.

Mwite mmoja wao asimame nyuma yako. Usingoje ustaafu, wala usingoje kazi itulie. Tingatinga hakujua kwamba alikuwa na miaka minne. Mchukue hata yule wa kike, hata yule anayeonekana mzito. Nyuma ya mgongo ndipo wengi wanapoamka. Mwonyeshe kazi yako ya kila siku, pamoja na kosa unalolifuta, kwa sababu katika kufuta kuna elimu kubwa kuliko katika picha iliyokamilika.

Akikuuliza kwa nini, mtafutie sababu ya kweli. Ukiikosa, mwambie ni mazoea yako, naye aachwe achague. Na akifikia kushika mstari peke yake, mpe nafasi ya jina lake juu ya ubao, hata kama mteja atanuna.

Nanyi wazazi, mtoto akichafua ukuta wa jiko kwa mkaa, msimpige kabla ya kutazama anachora nini. Ukuta wa mama yangu uliwahi kuirudisha alfabeti nzima ya mtu.

Kibao cha kinyozi sasa kimetundikwa kando ya barabara ya Rutshuru. Kina Nyiragongo dogo pembeni, la ukubwa wa ukucha. Vivuli vya herufi zake vinaanguka chini. Na majina yaliyoko pale ni mawili, la kijana likiwa la kwanza.